Rangi ya Chungwa ya Kadimiamu: Ubora Wake, Vumbi Lake na Kazi ya Wachoraji wa Thika na Ruiru

Miongoni mwa rangi ambazo mchoraji hununua zikiwa ndani ya tyubu, ni chache zinazosifiwa na kuogopwa kwa kiasi kimoja kama rangi ya chungwa ya kadimiamu, ambayo katika maandishi madogo ya lebo hutambulishwa kwa alama PO20. Husifiwa kwa sababu hufunika vyema, huwaka bila kuingia uchafu wa hudhurungi na hudumu miaka mingi katika picha inayotunzwa ndani ya nyumba. Huogopwa kwa sababu imetokana na metali nzito ambayo, ikishajikusanya katika figo za binadamu, huchukua kati ya miaka 10 na 30 kabla ya nusu yake kutoka mwilini. Sifa zote mbili ni za kweli, na kinachozipatanisha ni tabia moja ya pigmenti hii, yaani ugumu wa chembe zake kuyeyuka. Chembe isiyoyeyuka haichuji katika picha wala haipenyi kwa urahisi ngozi ya mkono, lakini chembe hiyohiyo ikipeperushwa kama vumbi, ikichomwa au ikikutana na asidi kali, kinga hiyo huondoka, na rangi iliyokuwa tulivu ndani ya mafuta huwa sumu inayoingia kwa pumzi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Thika na Ruiru, kwa kuwa uchoraji katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu haufanyiki sana katika vyumba vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Mchoraji wa turubai mara nyingi huchora katika chumba kilekile anacholala na kupika, au hugawana kibanda cha mabati na mchomeleaji wa mageti. Mwandishi wa vibao vya maduka hufanya kazi bega kwa bega na fundi wa kupulizia magari rangi. Na yule anayepamba matatu za Barabara Kuu ya Thika hushika brashi, bunduki ya hewa na msasa katika siku moja. Maonyo yaliyoandikwa juu ya tyubu yametungwa kwa ajili ya mtu mwenye studio, dirisha pana na sinki lililounganishwa na mtambo wa majitaka, kwa hiyo yanahitaji kufasiriwa upya kabla ya kumfaa mchoraji wa Makongeni au Kihunguro.

Pigmenti ni unga wenye rangi ambao chembe zake haziyeyuki katika kiowevu kinachozibeba, na hapo ndipo inapotofautiana na rangi ya kutia nguo, ambayo huyeyuka na kuingia ndani ya uzi. Kiowevu hicho, ambacho hapa kitaitwa kibebeo, kinaweza kuwa mafuta ya kitani, plastiki ya akriliki iliyosambazwa katika maji, au gundi ya mgunga kama inavyotumika katika rangi za maji. Kibebeo huamua kasi ya kukauka na mng'ao wa picha, ilhali pigmenti ndiyo huamua rangi yenyewe, uwezo wake wa kustahimili jua na madhara yake kwa afya. Katika PO20 pigmenti ni mchanganyiko wa salfaidi ya kadimiamu na selenaidi ya kadimiamu, uliochomwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi hadi elementi hizo zikashikana katika fuwele moja. Mwanakemia Friedrich Stromeyer wa Göttingen, Ujerumani, aligundua kadimiamu mwaka 1817 na miaka miwili baadaye akapendekeza salfaidi yake itumiwe na wachoraji, lakini metali yenyewe ilikuwa adimu mno, hivyo biashara ya rangi hiyo ikangoja hadi miaka ya 1840, na pigmenti zenye seleniamu zikafuata mwanzoni mwa karne ya 20.

Salfaidi ya kadimiamu pekee huwa ya manjano. Sehemu ya salfa inapobadilishwa na seleniamu, manjano hayo husogea hadi chungwa, na seleniamu ikizidi yanafika wekundu wa damu na hatimaye rangi ya damu ya mzee. Sababu ni kwamba fuwele hii humeza mwanga wote wenye nishati inayozidi kiwango fulani na kurudisha ule wenye nishati ndogo zaidi, na seleniamu hukishusha kiwango hicho; katika chungwa, mwanga wa urujuani, wa buluu na wa kijani humezwa, huku wa manjano, wa chungwa na wa nyekundu ukirudishwa karibu wote. Mpaka kati ya kinachomezwa na kinachorudishwa ni mkali sana, na ukali huo ndio unaoipa rangi hii usafi ambao mchanganyiko wa kawaida wa manjano na nyekundu huukaribia tu, kwa maana kila pigmenti inayoongezwa katika mchanganyiko humeza sehemu yake ya mwanga na kuacha jumla ikiwa na giza zaidi.

Ubora wake unaweza kuonekana kwa jaribio dogo lisilohitaji kifaa chochote cha maabara. Mstari mnene hupigwa kwa wino mweusi katikati ya karatasi ngumu, ukaachwa ukakauka, kisha kiasi cha rangi kinacholingana na punje ya maharagwe huwekwa juu yake na kuburutwa kwa kisu cha paleti hadi kiwe utando mwembamba. Ikiwa ni kadimiamu halisi, mstari hupotea kabisa mahali utando ulipo mnene na huonekana kama kivuli tu unapokuwa mwembamba. Ikiwa ni chungwa la kikaboni lenye uwazi, mstari hubaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Uwezo huo wa kufunika unatokana na namna fuwele zinavyopinda mwanga, na ndio unaomwezesha mchoraji kuweka ua la chungwa juu ya mandhari ya kijani iliyokwisha kukauka bila kulazimika kupaka nyeupe kwanza. Nguvu yake ya kutia rangi, yaani kiasi kinachohitajika ili kugeuza nyeupe, ni ya wastani. Ikichanganywa na nyeupe ya titani hupoa haraka na kuwa rangi ya pichi, na wachoraji waliozoea pigmenti za kikaboni huliona hilo kama upungufu, ingawa kwa uchoraji wa ngozi na vivuli vya jioni ni manufaa.

Kuhusu mwanga, picha iliyochorwa kwa PO20 na kutundikwa ndani ya nyumba inaweza kutarajiwa kudumu bila kupauka kwa muda mrefu kuliko maisha ya mchoraji. Hata hivyo uimara huo una mpaka wake, nao haustahili kupuuzwa. Salfaidi ya kadimiamu inapokutana na mwanga mkali, hewa na unyevu kwa pamoja, salfa yake hushika oksijeni na kuwa salfeti, ambayo haina rangi na huyeyuka katika maji. Wahifadhi wa sanaa wameyaona hayo katika manjano ya kadimiamu, ndugu wa karibu wa chungwa hili, kwenye picha ya Henri Matisse ya mwaka 1905–06 iitwayo Le Bonheur de vivre, inayotunzwa Philadelphia, ambamo baadhi ya sehemu zilizokuwa za manjano angavu zimepauka au kuingia hudhurungi. Nao uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu The Scream ya Edvard Munch, ile ya takriban mwaka 1910 iliyoko Oslo, ulionyesha kwamba unyevu ulikuwa na mchango mkubwa kuliko mwanga katika kuiharibu. Pigmenti za enzi hizo zilitengenezwa kwa usafi mdogo kuliko za leo, lakini kemia iliyoziharibu haijabadilika.

Thika na Ruiru ziko takriban digrii moja kusini mwa ikweta na katika mwinuko unaozidi mita 1,400, hivyo miale ya urujuanimno hufika na nguvu nyingi mwaka mzima, na mvua za masika na za vuli hulowesha kuta mara mbili kila mwaka. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, ule unaotazama kusini hupigwa katika miezi iliyobaki, na kuta za mashariki na magharibi hazina msimu wa kupumzika. Katika mazingira hayo PO20 si chaguo la busara kwa mchoro wa nje, iwe ni ukuta wa shule, kibao cha duka au ubavu wa matatu, na mchoraji anayelipia bei yake kubwa kwa kazi ya aina hiyo ananunua uimara ambao hataupata.

Ili kujua kilichomo ndani ya tyubu, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele halitoshi, kwa kuwa ni jina la biashara. Utambulisho ni ile alama ndogo inayotoka katika Fahirisi ya Rangi ya kimataifa, ambamo herufi mbili za mwanzo hutaja kwamba hii ni pigmenti na kwamba ni ya kundi la chungwa, na tarakimu zinazofuata hutaja kemikali mahususi. Tyubu yenye neno la Kiingereza "hue" baada ya jina la kadimiamu haina kadimiamu kabisa. Ina pigmenti nyingine, au mchanganyiko wa manjano na nyekundu, uliopangwa ufanane nayo. Hakuna aibu katika kuitumia, na kwa mwanafunzi ni heri, ila alama lazima isomwe. PO73, ya jamii ya pairoli, pamoja na PO36 na PO62, za jamii ya benzimidazoloni, ni pigmenti za kikaboni zisizo na metali nzito na zenye uimara mkubwa mbele ya jua, na ndizo zinazostahili kutafutwa kwa kazi za nje. PO13 na PO34, zinazopatikana katika rangi za bei nafuu, hupauka mapema zaidi, hasa zinapochanganywa na nyeupe. Mchanganyiko wa pigmenti mbili nao una hatari yake, kwa sababu pigmenti hizo zisipolingana kwa uimara, manjano yakitangulia kupauka chungwa hubaki na wekundu ambao mchoraji hakuukusudia. Tyubu isiyo na alama yoyote inafaa kwa mazoezi tu. Kumuuzia mteja picha iliyochorwa kwa rangi ambayo mchoraji mwenyewe hawezi kuitaja si haki.

Kuna machungwa mengine mawili ambayo mchoraji wa Kiambu ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nayo kuliko kadimiamu, ingawa hakuyanunua. La kwanza ni chungwa la kromu, ambalo ni kromati ya risasi, yaani madini ya risasi yaliyounganishwa na kromiamu. La pili ni chungwa la molibdati, ambamo kromati hiyohiyo imechanganywa na molibdati na salfeti ya risasi. Yote mawili ni angavu, hufunika vizuri na huuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo yalienea duniani katika rangi za mashine, magari, vyuma vya barabarani na milango. Kromiamu iliyomo si ile inayotumika katika viwanda vya ngozi vya Thika. Kulainisha ngozi hutumia kromiamu ya valensi tatu, ambayo madhara yake ni madogo kwa kulinganisha, ilhali kromati ina kromiamu ya valensi sita, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Risasi iliyomo huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama mwilini. Viwango vya Kenya vya rangi vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, lakini kikomo hicho hakiondoi rangi iliyokwisha kupakwa miaka iliyopita kwenye geti, kitanda cha chuma au bodi la lori kuukuu.

Uzito wa jambo hilo umeonekana wazi katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi risasi katika udongo, vumbi na damu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rangi ya geti moja haiwezi kulinganishwa na kiwanda, lakini njia ya sumu ni ileile: vumbi hutua juu ya sakafu, mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni. Fundi anayepiga msasa mkavu kwenye chuma chenye rangi ya zamani ya chungwa, ya manjano au ya kijani angavu anapaswa kudhani kwamba ina risasi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo, na mchomeleaji asipitishe moto juu ya rangi hiyo kabla ya kuikwangua ikiwa imelowa. Mchoraji anayegawana kibanda na mafundi hao hupumua hewa yao, hata kama paleti yake mwenyewe haina metali yoyote.

Kuhusu kadimiamu yenyewe, Shirika hilohilo la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pamoja na misombo yake katika kundi la kwanza mwaka 1993, na sababu kubwa ilikuwa saratani ya mapafu kwa wafanyakazi walioivuta kazini. Nchini Japani, katika bonde la mto Jinzu, wakazi waliokula mpunga uliomwagiliwa kwa maji ya mto uliochafuliwa na mgodi walipatwa na ugonjwa wa figo na mifupa ulioitwa itai-itai, ambao serikali iliutambua rasmi mwaka 1968 kuwa umesababishwa na kadimiamu. Mifano hii inahusu kadimiamu iliyo katika hali ya kuingia mwilini kwa urahisi, na haimaanishi kwamba kila anayegusa PO20 yuko katika hatari hiyo. Chembe za pigmenti huyeyuka kwa shida sana, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulikataa pendekezo la Sweden la kupiga marufuku kadimiamu katika rangi za wachoraji baada ya kuonekana kwamba hatari yake kwa umma ni ndogo mno.

Tofauti iko katika njia ya kuingia. Kati ya kadimiamu inayomezwa, mwili wa mtu mzima hufyonza takriban asilimia 5, na kiwango hicho hupanda kwa mwenye upungufu wa madini ya chuma, hali inayowapata wanawake wengi na hasa wajawazito. Kati ya ile inayovutwa kwa pumzi na kufika ndani ya mapafu, kiwango kinachofyonzwa kinaweza kufika mara kadhaa zaidi, kwa kutegemea ukubwa wa chembe na wepesi wake wa kuyeyuka. Chembe za pigmenti hii mara nyingi hazifiki maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo zikipeperuka hukaa hewani kwa muda mrefu na hupita kwa urahisi katika leso, kitambaa au barakoa ya upasuaji. Kinachohitajika ni barakoa yenye kichungi cha daraja la N95 au FFP2 inayoshika uso pande zote, na hata hiyo hupoteza faida yake juu ya ndevu.

Hapa inafaa kulitaja jambo linaloaminiwa sana katika vibanda vya jua kali, kwamba pakiti ya maziwa baada ya kazi huondoa sumu ya rangi na moshi. Maziwa ni chakula kizuri, na ni kweli kwamba mtu mwenye upungufu wa kalisi hufyonza risasi zaidi, lakini maziwa huenda tumboni na vumbi huenda kwenye mapafu, na hakuna kinywaji kinachoifuata kadimiamu ndani ya figo na kuitoa. Imani hii ina madhara kwa sababu humpa fundi utulivu asioustahili, naye huacha barakoa akiwa na hakika kwamba amejikinga. Sigara ina ubaya mara mbili, kwa kuwa tumbaku yenyewe hubeba kadimiamu na vidole vyenye rangi huiongeza mdomoni.

Kanuni za kazi zinatokana na hayo yaliyoelezwa. PO20 ipakwe kwa brashi au kisu, isipuliziwe kamwe kwa bunduki ya hewa, hata ikiwa imepunguzwa kwa maji. Mpambaji wa matatu anayetaka chungwa la kupulizia atumie pigmenti ya kikaboni, na hata hapo akumbuke kwamba rangi za magari za kuchanganya na kigumushi hutoa isosaineti, kemikali inayoweza kumletea pumu ya kudumu, na kwamba kichungi cha vumbi hakiizuii. Picha iliyokauka isipigwe msasa mkavu. Ikilazimu kusawazishwa, msasa wa maji ulowe na tope lake lifutwe kwa kitambaa kinachotupwa. Unga mkavu wa kadimiamu, unaonunuliwa na wachache wanaosaga rangi yao wenyewe, usifunguliwe kabisa katika chumba cha kulala, wala mahali penye feni au upepo wa mlangoni, na sakafu ifutwe kwa maji, isifagiliwe. Zoea la kulamba ncha ya brashi ili nywele zikusanyike, ambalo wachoraji wa vibao hurithishana kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, liachwe kwa rangi zote, kwa maana huo ndio mlango ulio wazi kuliko yote. Chai na chapati zisiliwe juu ya meza ya paleti, na mikono ioshwe kwa sabuni badala ya kusuguliwa kwa tina, ambayo huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, kwa kuwa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto linaloweza kuwasha moto bila kiberiti. Vitiwe katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Maji ya kuoshea brashi ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi, na katika mitaa ya Ruiru ambako nyumba nyingi hutegemea mashimo ya choo na visima vilivyo katika uwanja uleule, yasimwagwe uani. Njia rahisi ni kufuta brashi kwanza kwa karatasi ili rangi nyingi ibaki hapo, kisha kuosha katika ndoo moja inayotumiwa kwa siku kadhaa. Ndoo inapojaa, shabu iliyosagwa, ileile inayotumiwa kusafisha maji ya mto, huyeyushwa humo na kukorogwa, na chokaa iliyozimwa huongezwa kidogo baada yake. Shabu pekee huyafanya maji kuwa na asidi, na asidi ndiyo adui wa pigmenti hii, kwa hiyo chokaa si nyongeza ya hiari. Baada ya usiku mmoja chembe za rangi na plastiki ya akriliki huwa zimeshikana na kutua chini kama maziwa yaliyoganda, na maji yaliyo juu huwa maangavu. Maji hayo huchujwa kwa kitambaa kizito, na tope hukaushwa ndani ya kopo, hufungwa vizuri na kuwekwa pamoja na tyubu tupu mpaka zipatikane za kutosha kumkabidhi mzoataka mwenye leseni ya taka hatari kutoka mamlaka ya mazingira, NEMA. Studio kadhaa zikikusanya pamoja, gharama ya kumwita hupungua. Kuchoma taka hizo kwenye jalala la mtaani, kama inavyofanywa na taka nyingine, ni kosa kubwa kuliko kuzimwaga, kwa sababu moto huigeuza kadimiamu kuwa oksaidi, ambayo ni nyepesi kufyonzwa na mwili na husafiri na moshi hadi kwa jirani.

Kwa kazi nyingi za nje zinazofanywa katika miji hii, lipo chungwa lisilohitaji tahadhari zote hizo, nalo liko chini ya miguu ya wakazi. Udongo mwekundu wa Kiambu, ambao wataalamu huuita nitisoli, hupata rangi yake kutoka kwa oksaidi za chuma: hematiti, ambayo ni nyekundu, na goethiti, ambayo ni ya manjano na hudhurungi. Wakikuyu walitumia thiriga, udongo mwekundu wa namna hiyo, kwa kujipaka na kwa sherehe, na huko Olorgesailie katika Kaunti ya Kajiado wanaakiolojia walieleza mwaka 2018 vipande vya madini ya rangi vilivyobebwa na kukwaruzwa na binadamu yapata miaka 300,000 iliyopita. Udongo wa shambani ukikorogwa katika ndoo ya maji, mchanga hutua kwanza, na maji mekundu yakimiminwa katika chombo cha pili na kuachwa siku mbili hutoa utope laini. Utope wa manjano ukikaushwa na kukaangwa polepole juu ya jiko la makaa, goethiti hupoteza maji yake kwa joto la kati ya nyuzi 250 na 300 na kusogea kuelekea hematiti, na katikati ya safari hiyo ndipo chungwa la udongo linapopatikana. Asiye na nafasi ya kazi hiyo atapata katika duka la vifaa vya ujenzi oksaidi nyekundu na ya manjano zinazouzwa kwa kupakwa sakafu za saruji, na kwa kuzichanganya atafika mahali palepale. Vumbi lake pia halifai mapafu, hasa lile la udongo lenye mchanga laini ndani yake, hivyo barakoa haiwekwi kando.

Oksaidi za chuma haziogopi jua, mvua wala magadi ya plasta mpya ya saruji, lakini chungwa lake ni tulivu, na mteja anayetaka ukuta wa chekechea uwake kama ganda la chungwa hataridhika nalo likiwa peke yake. Suluhisho linalofaa ni kupaka tabaka la chini kwa oksaidi iliyochanganywa na kibebeo cha akriliki cha daraja la nje, kisha, likishakauka, kupitisha juu yake utando mwembamba wa PO73 au PO36 mahali panapotakiwa kung'aa. Tabaka la chini hubeba kazi ya kufunika, la juu hubeba ung'avu, na hata la juu likipungua nguvu baada ya miaka mingi ukuta hubaki na chungwa lake. Kabla ya kazi kubwa, mchoraji apake mchanganyiko wake kwenye kipande cha bati kilichopigwa rangi nyeupe ya msingi, afunike nusu yake kwa karatasi ya alumini, akitundike upande wa magharibi wa paa na kukikagua kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, akiandika nyuma yake alama za pigmenti na tarehe aliyokitundika.